Kujichukia na kujihurumia: kisa cha vijiji 30 vya Masaka na Rakai

Mwaka 1982, huko Kasensero, kijiji cha wavuvi wilayani Rakai, nchini Uganda, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, watu walianza kukonda na kufa. Wenyeji waliuita ugonjwa ule silimu. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walithibitishwa mkoani Kagera, ng'ambo tu ya mpaka. Ilipofika mwaka 2000, Rakai na jirani yake Masaka zilikuwa zimezika sehemu kubwa ya kizazi cha wazazi. Bibi analea wajukuu aliowapokea kutoka misiba mitatu tofauti, mjane anagombania shamba la migomba na mashemeji, kijana ambaye ndevu hazijatoka ndiye baba wa nyumba.

Utafiti wa kipindi hicho ulionyesha kuwa takribani mtu mzima 1 kati ya 5 katika wilaya hizo alikuwa na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa kuzama katika huzuni na kuishiwa nguvu, tena dalili za kumzuia kufanya kazi zake. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, Butabika, iko Kampala, kilomita zipatazo 130 kutoka Masaka mjini. Kwa anayetoka kijijini ndani ya Rakai safari ni ndefu zaidi, na nauli yake ni fedha ya mbegu. Dawa za sonona zilikuwa adimu kwenye vituo vya vijijini, na hata zingekuwapo, hakukuwa na mtu wa kuzifuatilia.

Kisa cha hapa ni jaribio lililofanyika huko kati ya Februari na Juni 2002, likiongozwa na Paul Bolton pamoja na Helen Verdeli, Myrna Weissman na wenzao, shirika la World Vision likiwa ndilo lenye watu wa kazi vijijini. Swali lao lilikuwa la moja kwa moja. Sonona inaweza kutibiwa kijijini, kwa maongezi ya kundi, na kiongozi asiye daktari wala muuguzi? Jibu lilikuwa ndiyo, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2003 yaliwashangaza wengi. Wanaoiga jaribio hili mara nyingi huanzia kwenye kikao cha kwanza cha kundi. Kazi iliyofanya vikao vile vifae ilikuwa imekwisha kufanyika kabla ya hapo.

Ugonjwa unaitwaje hapa?

Njia rahisi ingekuwa kuchukua dodoso la sonona kutoka Marekani, kulitafsiri kwa Kiganda na kuanza kuhesabu wagonjwa. Kasoro ya njia hiyo ni kwamba dodoso litakuletea namba hata kama ugonjwa unaoutafuta haupo, au upo kwa sura nyingine. Mtu atajibu tu. Umemuuliza kama analala vizuri, atakwambia halali, na huenda halali kwa sababu paa linavuja.

Hapa walianza na swali la wazi kwa watu wa kawaida: UKIMWI umeleta matatizo gani katika jamii hii? Kila jibu liliandikwa kama lilivyosemwa, kwa maneno ya msemaji. Majibu yaliyojirudia yakakusanywa, na yale yaliyohusu mawazo, hisia na mwenendo wa mtu yakapelekwa kwa wajuzi wa kijiji, yaani wale ambao watu huwaendea wakizidiwa, wakiwamo waganga wa jadi na viongozi. Wajuzi waliombwa waeleze. Mtu wa namna hiyo anakuwaje? Unamtambuaje?

Majina mawili yalijitokeza: yo'kwekyawa na okwekubazida. La kwanza ni kujichukia, la pili ni kujihurumia. Anayejua Kiswahili hahitaji mkalimani kwa lile la kwanza, maana kwe- ya Kiganda ni kuji- yetu, na okukyawa ni kuchukia. Wajuzi walipotaja dalili za hali hizo mbili, nyingi zililingana na dalili za sonona katika vitabu vya tiba. Kwa hiyo watafiti hawakulazimika kuingiza neno la kigeni vijijini. Walikuwa na majina ambayo mwanakijiji anaweza kumwambia jirani yake bila kumtukana.

Kazi ya pili haikuwa na mbwembwe lakini faida yake ilikuwa kubwa. Waliuliza ni shughuli zipi mwanamume wa hapa anatakiwa aziweze ili aitwe mtu mzima anayejitegemea, na mwanamke vivyo hivyo. Orodha zilitofautiana. Ya wanawake ilikuwa na mambo kama usafi wa mwili, kulea watoto, kupika na kulima chakula. Ya wanaume ilikuwa na kazi za nguvu, shamba, na kupanga mambo ya familia. Zote mbili ziligusa ushiriki katika shughuli za jamii, misiba ikiwamo. Kutokana na orodha hizo likatengenezwa dodoso la uwezo wa kutenda, na hilo likatumika sambamba na dodoso la dalili.

Lilikuwa na manufaa gani? Mkulima haendi zahanati kwa sababu moyo wake mzito. Huenda, akienda, kwa sababu mwili hauna nguvu na palizi imempita. Mhudumu anayeuliza "unajisikiaje?" atajibiwa "salama tu", kwa kuwa ndivyo salamu inavyojibiwa. Anayeuliza "msimu huu umelima kiasi gani, na mwaka jana ulilima kiasi gani?" amepata kipimo.

Dodoso la dalili lilitokana na orodha ya Hopkins, dodoso la dalili za wasiwasi na sonona, ambayo sehemu yake ya sonona ina maswali 15 katika umbo lake la asili. Lilifanyiwa marekebisho ya kienyeji, kisha likapimwa kwa namna ambayo wilaya yoyote inaweza kuiiga bila mtaalamu wa takwimu. Unawatafuta watu ambao wao wenyewe wanasema wana yo'kwekyawa, na majirani pia wanasema wanayo. Unawatafuta wengine ambao wao na majirani wanakubaliana kwamba hawana. Unawauliza wote maswali yaleyale. Dodoso likishindwa kuyatenganisha makundi hayo mawili, tatizo ni la dodoso.

Kwa Kiswahili mitego ipo mingi kuliko tunavyodhani, kwa sababu tunaamini lugha ni yetu sote. "Huzuni" kila mtu anayo siku ya msiba, si ugonjwa. "Kukosa hamu" mmoja ataielewa kuwa hamu ya chakula, mwingine ya tendo la ndoa, na mwanamke mtu mzima akiulizwa na kijana wa kiume atanyamaza. Maneno ambayo watu huyatumia kweli ni "ana mawazo", "kichwa kimejaa", "mwili umeishiwa nguvu", "usingizi hauji". "Sonona" ni neno la redioni na la wataalamu. Liandike kwenye fomu, lakini usiliulize.

Nani aliingia, nani hakuingia

Vijiji 30 vilichaguliwa, 15 kwa ajili ya wanaume na 15 kwa ajili ya wanawake. Kijiji kimoja hakikuwa na kundi la wanaume na la wanawake kwa pamoja. Halafu kura ikapigwa kwa vijiji, si kwa mtu mmojammoja: vijiji 8 vya wanaume na 7 vya wanawake vikapata tiba, vilivyobaki vikawa vya kulinganishia. Ukigawa watu wa kijiji kimoja nusu kwa nusu, anayehudhuria kikao Jumanne atamsimulia jirani yake kisimani Jumatano, na ulinganisho wako umekwisha. Kutenganisha wanaume na wanawake nako kuliruhusu mambo ya ndoa kuzungumzwa bila hofu ya kumkuta mumeo, au rafiki wa mumeo, kwenye duara.

Waliokutwa na sonona kamili au dalili zinazoikaribia walikuwa 341. Kati yao 284 walifuatwa tena, wenye dalili nzito zaidi kwanza; 248 walikubali kuingia katika jaribio na 9 tu walikataa. Ukifanya hesabu unabakiwa na watu 27, na hao walikuwa wamefariki au wamehama. Karibu mtu 1 kati ya 10 wa waliofuatwa aliondoka hata kabla kazi haijaanza. Mpangaji wa huduma mahali penye msiba wa kudumu asisahau jambo hili. Orodha ya wagonjwa iliyoandikwa mwezi wa tatu haifai kuanzia kazi mwezi wa tisa.

Ndani ya duara

Tiba iliyotumika, iitwayo tiba ya mahusiano, inatokana na kazi ya Gerald Klerman na Myrna Weissman ya miaka ya 1970, ambayo msingi wake unaeleweka bila shida: sonona, hata iwe na chanzo gani, huanza au huzidi pale mahusiano ya mtu na watu wake yanapotikisika. Tiba yao ya awali ilitambua milango minne: kufiwa, ugomvi, mabadiliko ya hali ya maisha, na upweke wa mtu asiyeweza kujenga mahusiano. Masaka na Rakai mlango wa nne ulifungwa, kwa kuwa ulionekana hauwahusu watu wanaoishi katikati ya ndugu na majirani. Uamuzi huo uliwafaa pale. Mwongozo wa tiba hii ya kundi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 umeurudisha upweke, na anayefanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi au kwenye machimbo ya dhahabu, ambako kila mtu ni mgeni, ataona ni kwa nini.

Marekebisho mengine yalihusu adabu. Tiba ya kufiwa, kama ilivyozoeleka Marekani, humtaka mfiwa aeleze pia mabaya ya marehemu, ili huzuni isikwame kwenye picha ya mtu asiye na kasoro. Kumsema marehemu vibaya mbele za watu huku kwetu ni mwiko, na mtu akilazimishwa atanyamaza au hatarudi tena. Swali likageuzwa: mliishije na marehemu? Kuna nyakati alikuvunja moyo? Ujumbe uleule unapatikana, heshima imebaki. Katika ugomvi, kumkabili mume au mzee uso kwa uso hakukuchukuliwa kuwa ndiyo dalili ya kupona. Kupitia kwa shangazi, kwa mshenga au kwa mzee wa ukoo ni njia halali kabisa ya kufikisha neno, na kiongozi wa kundi hana haja ya kuiita woga.

Viongozi walikuwa watu wa maeneo hayo, wanaozungumza Kiganda, wa jinsia moja na kundi, wasio na mafunzo ya awali ya afya ya akili. Walifundishwa kwa wiki mbili. Kundi lilikuwa na watu wapatao 8, lilikutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90, kwa wiki 16. Jumla ni saa 24 za tiba kwa mtu, ambazo ni sawa na siku tatu za kazi ofisini. Ukizitoa zote kwa semina ya siku tatu mfululizo hupati kitu, kwa sababu tiba yenyewe inatendeka kati ya kikao na kikao.

Mtiririko uko hivi. Kwanza kiongozi huonana na kila mtu peke yake. Hupitia dalili moja baada ya nyingine, humwambia jina la ugonjwa kwa lugha ya nyumbani, na humweleza kwamba si uvivu, si laana, na kwamba unatibika. Kisha humwuliza ni watu gani walio karibu naye, nani aliondoka au kugombana naye kabla mambo hayajaharibika, na hapo mlango mmoja unajulikana. Watu wakikaa pamoja, kikao hufunguliwa kwa swali lilelile kila wiki: dalili zako zilikuwaje tangu tulipoachana, na kitu gani kilitokea? Maswali hayo mawili hayatengani. Mtu akisema "wiki hii nilizidiwa Alhamisi", kiongozi anarudi Alhamisi pamoja naye. Ilikuwa siku gani hiyo? Nani alikuja? Nini kilisemwa? Baada ya wiki kadhaa mtu anaanza kuona mwenyewe kwamba uzito haushuki kutoka mawinguni, unafuata jambo fulani. Akishaliona, kundi humsaidia kutafuta hatua moja ndogo, aijaribu kwa kuigiza palepale na mwenzake, aende akaifanye, arudi aeleze.

Chukua mfano wa kubuni. Mjane ambaye shemeji amekata migomba yake anakuja amejaa "mawazo". Hatua yake ya wiki ya tano si kushinda kesi ya ardhi. Ni kumwendea dada wa marehemu, ambaye shemeji anamheshimu, na kumwambia sentensi mbili alizozifanyia mazoezi kundini. Asipofanikiwa, kundi halisemi ameshindwa. Linauliza alisemaje, alijibiwa nini, na nani mwingine yupo.

Kiongozi anaharibu kazi kwa namna tatu zinazojirudia. Anahubiri. Anatoa ushauri kabla mtu hajamaliza kueleza, jambo ambalo kwa mzee wa heshima ni gumu sana kuliacha, maana maisha yake yote watu wamemfuata kwa ushauri. Au anamwachia mzungumzaji mmoja dakika 60 kati ya 90. Wiki mbili za mafunzo haziondoi tabia hizo. Zinaondolewa na mtu anayekaa kimya nyuma ya duara mara moja moja na kuzungumza na kiongozi baadaye. Fedha za mradi zikipungua, huyo msimamizi ndiye hukatwa kwanza.

Kusoma namba bila kujidanganya

Waliomaliza walikuwa wanaume 108 na wanawake 116, upande wa tiba na wa kulinganishia kwa pamoja. Alama za dalili zilishuka kwa wastani wa 17.47 kwa waliotibiwa na 3.55 kwa wasiotibiwa. Alama za kushindwa kazi za kila siku zilishuka kwa 8.08 dhidi ya 3.76. Waliokuwa na sonona kamili upande wa tiba walikuwa asilimia 86 mwanzoni na asilimia 6.5 mwishoni. Miezi sita baadaye ilikuwa asilimia 11.7 kwa waliotibiwa na 54.9 kwa wengine.

Namba ambayo haitajwi sana ni ile ya upande wa pili. Vijiji ambavyo havikupata tiba vilianza na asilimia 94 na kumaliza na asilimia 54.7. Karibu watu 4 kati ya 10 waliacha kuwa na sonona kamili bila kikao hata kimoja. Hakuna muujiza hapo. Mtu huandikishwa akiwa chini kabisa, na aliye chini kabisa mara nyingi hupanda kidogo kwa kupita muda. Msiba unakaa, mavuno yanaingia, na mgeni aliyekuja na dodoso kumsikiliza kwa saa nzima ni faraja pia. Sasa fikiria mradi usio na kijiji cha kulinganishia, unaoandika kwenye ripoti kwamba "asilimia 40 ya wanufaika wamepona". Huenda haukufanya lolote. Kwa bahati mbaya ripoti za namna hiyo ni za kawaida, na wafadhili huzipokea.

Hoja nyingine ni kwamba vijiji vya kulinganishia havikupewa chochote. Inawezekana basi kuwa kilichoponya si tiba ya mahusiano bali kukaa pamoja tu kila wiki, kunywa chai na kucheka. Makundi mengi yaliendelea kukutana yenyewe baada ya wiki 16, hivyo hata matokeo ya miezi sita yanaweza kuwa yamebebwa na urafiki. Jibu la sehemu lilipatikana mwaka 2005 kaskazini mwa Uganda, katika kambi mbili za waliohamishwa na vita. Vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 waligawanywa: wengine tiba hii ya kundi, wengine michezo na sanaa za pamoja, wengine wakasubiri. Michezo haikupunguza sonona. Tiba iliipunguza kwa wasichana, lakini kwa wavulana tofauti haikuonekana wazi. Kukaa pamoja peke yake, basi, hakutoshi. Na kilichowafaa wakulima watu wazima wa Rakai hakiwi dawa ya kila mtu kwa kuwa tu nchi ni moja.

Ikipelekwa kijiji kingine

Mtu wa Kagera, Kigoma, Turkana au Kivu akitaka kufanya kazi hii leo, mwongozo wa 2016 unampa vikao 8 badala ya 16. Ufupi huo ni nafuu kubwa mahali penye misimu. Hata hivyo kalenda ya kilimo ndiyo bosi. Wiki 8 zikiangukia kupanda na palizi ya kwanza, duara litakuwa na watu watatu. Anza baada ya mavuno. Andikisha 10 ili ubakiwe na 7 au 8. Ukianza na 6 utaishia na watu ambao hawawezi kuitwa kundi.

Mahali pa kukutania ni suala la siri zaidi kuliko la kivuli. Chumba cha zahanati kinasikika hadi kwenye benchi la wajawazito. Chini ya mwembe ulio njia panda kila mpita njia anasalimia, na adabu inataka mjibu. Darasa la shule baada ya saa tisa, au uwanja wa nyuma wa kanisa au msikiti siku isiyo na ibada, hufaa zaidi. Siri ya kundi iwekwe kwa maneno ambayo watu wanayashika: unaweza kusimulia habari yako, usisimulie ya mwenzako, hata kwa mke au mume. Ikivuja mara moja kundi limekufa, na hakuna kikao cha maridhiano kitakacholifufua.

Mwenyekiti wa kitongoji aelezwe mapema nini kinafanyika, lakini asipewe orodha ya majina. Kundi likiitwa "la wagonjwa wa akili" hakuna atakayekuja, au watakuja wale ambao tayari hawana cha kupoteza. Sukari na sabuni zisigawiwe. Zikigawiwa, wiki ya pili utakuwa na watu 30 wanaosema wana mawazo, na hutaweza kuwalaumu.

Kosa zito zaidi ni kumwingiza kila mwenye shida ya akili. Tiba hii ni ya sonona. Anayesikia sauti, anayezungumza na asiyeonekana, aliyekaa usiku nne bila kulala huku akijiona tajiri wa wilaya nzima, mwenye kifafa, na aliyelewa tangu asubuhi, kila mmoja ana tiba yake na zote zinaanzia kituoni. Muulize pia kila mtu, kabla ya kikao cha kwanza, kama amewahi kuwa na kipindi cha furaha na nguvu zisizo za kawaida hadi watu wakashangaa. Uzito unaokuja zamu kwa zamu na vipindi hivyo si sonona ya kawaida. Na mama aliyejifungua hivi karibuni ambaye ghafla anasema mtoto si wake, au anaogopa kuachwa naye, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Swali la kujiua lazima liulizwe, na liulizwe kwa maneno wazi: umewahi kufikiri ni afadhali ufe, au kujidhuru? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Watu wanaficha kwa sababu mbili: aibu ya dini, na sheria, kwani Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Kiongozi ajue hilo ili aelewe ukimya anaokutana nao. Akijibiwa ndiyo, na hasa mtu akiwa na mpango, asiachwe peke yake, ndugu mmoja anayemwamini ajulishwe kwa ridhaa yake, afikishwe kituoni siku hiyo, na dawa za kuulia wadudu zitoke nyumbani. Shambani kopo la sumu huwa chini ya kitanda au juu ya dari, hatua tano kutoka alipolala. Likihamishiwa kwa jirani tu, saa ile ya hatari mara nyingi hupita.

Kituo nacho kiwe na kitu cha kumpa. Zahanati nyingi zikiwa na dawa ya sonona, ni amitriptilini. Inafanya kazi, ila ni sumu kali kwa anayeimeza kwa wingi, kwa hiyo mwenye mawazo ya kufa asipewe vidonge vya mwezi mzima mkononi. Apewe vya wiki, au ndugu yake ndiye avitunze. Fluoksetini ni salama zaidi kwa upande huo na huanzwa kwa kipimo kidogo. Dawa zote mbili huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na mgonjwa asipoambiwa hivyo siku ya kwanza ataziacha siku ya sita, mdomo umemkauka na moyo haujachangamka.

Upimaji wa kila wiki ufanyike kwa karatasi moja. PHQ-9, dodoso fupi la dalili za sonona lililopo kwa Kiswahili, lina maswali 9 na alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 kwenda juu ndipo mtu huchunguzwa zaidi. Wengi hawasomi, hivyo kiongozi huuliza kwa sauti, pembeni, mmoja mmoja kabla duara halijaanza. Dakika tano kwa mtu, watu 8, ni dakika 40. Muda huo usipopangwa utaliwa kutoka kwenye dakika 90, au dodoso litajazwa kwa kubahatisha jioni nyumbani. Utaligundua lililobahatishwa kwa urahisi: alama zinashuka kwa unadhifu, moja moja kila wiki. Mtu halisi hupanda na kushuka. Jibu la swali la 9, lile la kufa, lisomwe peke yake kila mara, hata jumla ikiwa 6.

Simu ya msimamizi kwa kiongozi iwe ya kila wiki, siku moja na saa moja, na vocha itoke ofisini. Asiulize "vikao vinaendaje?", maana vinaenda vizuri siku zote. Aulize habari za mtu mmoja: yule aliyekuwa na 17 wiki iliyopita, nini kilitokea, wewe ulisema nini, kundi likasema nini. Mara moja kwa mwezi afike mwenyewe.

Kuagana kutajwe tangu kikao cha kwanza na kukumbushwa kila kikao, kwa sababu kwa mtu aliyefiwa mara nyingi kundi kuvunjika ni msiba mwingine. Viwili vya mwisho viwe vya kutaja dalili za mapema kwa kila mtu, ambazo huwa za kwake: huyu huacha kufagia uwanja, yule huacha kwenda ibada, mwingine huanza kugombeza watoto alfajiri. Majina ya watu wawili wa kuwaendea dalili hizo zikirudi yaandikwe. Wakitaka kuendelea kukutana, kama walivyofanya wa Masaka na Rakai, waendelee bila kiongozi. Mratibu wa wilaya abaki na tarehe mbili kwenye kalenda, mwezi wa kwanza na wa sita baada ya kikao cha mwisho. Aende na karatasi ileile, akawaulize pia waliokuwa wameacha kuja wiki ya tatu.